Zamu ya Mjumbe

Jukwaa letu ni lava iliyopoa, huku Goma,
nyeusi, ina meno, inakula viatu.
Mwalimu Ndagano kachora duara kwa chokaa:
"Korasi itacheza humu.
Kile kibanda cha mbao ni jumba la mfalme.
Mlango mmoja tu. Mabaya yote yatatendeka ndani."

Barakoa tulizikata kwenye bidoni za njano,
midomo wazi, kama mtu aliyekatizwa neno.
Waigizaji watatu, ndivyo walivyofanya Wagiriki:
Masika ni malkia, kisha mlinzi, kisha kipofu,
anabadili uso nyuma ya mbao
kama anayebadili kitambaa cha kichwa.
Korasi ilitakiwa watu kumi na watano.
Tuko sita. Wengine wako soko la Virunga, wanauza.

Mimi ni mjumbe.
Nilinunua tomati ya kopo nifanyie damu.
Mwalimu akacheka, akaipeleka kwa mkewe.
"Kifo hakionyeshwi, kinasimuliwa.
Mtoto wa mfalme atafia nyuma ya mbao.
Wewe utakuja mbio, utasimama, utasema ulichoona.
Ukifika kwenye upanga, usipaze sauti."
Nikabisha: watu wa Goma
wakilipa kiingilio, wanataka kuona.
"Watu wa Goma," alisema, "wameona."

Korasi ikajipanga, ikaenda kulia, ikarudi kushoto:

   Mlango ukishafungwa, ndani hatujui jambo,
   Sisi nje tumepangwa, miguu yapiga wimbo,
   Neno lake likitungwa, hurudi kwake ni chambo,
   Je, hakuambiwa huyu, au sikio kaziba?

Alhamisi, barakoa zikiwa shingoni,
akaja kijana wa chukudu, mbio, bila chukudu.
Hakusema hapohapo. Alianzia mbali:
"Tulitoka Sake alfajiri, magunia matatu ya viazi.
Paluku alikuwa mbele, ananitania breki zangu."
Akataja mwanamke wa makaa, akataja tope,
akataja mteremko.
Hapo tulikwishajua. Mwalimu alituambia:
watazamaji wa kale walikuja hadithi wakiijua,
na walikuja hivyo hivyo.

Nilitamani arudi kwenye viazi, akae hapo.
Alipofika kwenye lori, sauti yake haikupanda.

Masika ni dada yake Paluku.
Aliivuta barakoa ya malkia, akaivaa,
akasimama akitazama kibanda.
Hakuna aliyemwambia avue.

Nilikuwa nimeuliza, wiki ile,
juu ya mungu anayeshushwa kwa kamba mwishoni
kuja kunyoosha mambo. Mwalimu alisema
hatuna kamba ya urefu huo.
Helikopta nyeupe ilipita, ikaelekea ziwani.

Walikuwa pia na jukwaa la magurudumu, wale Wagiriki:
mlango hufunguka, maiti husukumwa nje,
watu wakaone yaliyokwisha.
Jioni tulisikia magurudumu ya mbao juu ya mawe,
polepole, kwa namna yasivyosukumwa yakibeba viazi.
Juu yake, kitenge. Chini ya kitenge sikutazama.

Tulikuwa sita ndani ya chokaa,
hakuna aliyekumbuka kushoto wala kulia.
Mama Kavugho akaingia na ndoo yake ya maji.
Jirani zake wakaingia. Mwenye duka la vocha akaingia.
Nikahesabu bila kutaka: kumi na moja,
kumi na nne, kumi na tano,
kisha wakawa wengi, nikaacha.