Nabintu Wawili

Usiupulize mkono uliopakwa spiriti.
Hilo ndilo la kwanza alilonikemea Mama Nsimire,
maabara ya Kadutu, saa moja asubuhi,
umeme ukiwa bado haujaamua.
"Pumzi yako ina vijidudu kuliko soko. Subiri pakauke."
Nikasubiri. Nusu dakika ni ndefu
mgonjwa anapokutazama mdomoni.

Mshipa hautafutwi kwa macho, akasema.
Ule wa kijani unaojionyesha juu juu
utakukimbia ukiugusa.
Ule unaobonyea na kurudi, kama shavu la mtoto,
huo ndio.
Ukidunda, uache. Huo ni wa moyo, si wako.

Mpira ufungwe vidole vinne juu ya kiwiko,
usipitishe dakika:
damu iliyofungiwa hujifunza uongo.
Tundu la sindano litazame juu,
ingia kwa kuinama,
kama unavyoingia chumba chenye mgonjwa.

Kisha vizibo: buluu kwanza, nyekundu ifuate,
zambarau, na kijivu cha sukari mwisho kabisa.
Pindua polepole, mara nane,
usitikise kama dawa ya kikohozi.
Damu ikitikiswa hupasuka,
maji yake yanayopaswa kuwa manjano
yakawa mekundu kama mchuzi wa mawese,
na mashine haitakwambia ni wewe uliyeharibu.

Legeza mpira kabla hujachomoa.
(Nilisahau mara moja. Koti langu bado linakumbuka.)

Haya yote niliyajua ile Jumanne ya mvua,
benchi limejaa, miavuli inavuja sakafuni,
nami, ili niende mbio,
nimekaa mezani nikaandika majina kabla ya watu.

Nabintu M'Bisimwa, sukari.
Nabintu M'Bisimwa, kundi la damu, anapasuliwa kesho.

Mama Nsimire akasimama nyuma yangu.
"Yupi ndiye wa Walungu?"
Nikazitazama tyubu.
Zote mbili zilikuwa nyekundu.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.
Akazitia mwenyewe kwenye ndoo ya taka za damu,
akanifungulia mlango.
"Mmoja yuko kwenye benchi. Mwingine ameenda kuuza. Mtafute."

Nani anayemtafuta Nabintu katika soko la Kadutu?
Niliita, wakageuka sita.
Wa saba hakugeuka: alikuwa akipima sambaza
kwa kopo la maziwa, pamba yangu
bado imebanwa kwenye mkunjo wa mkono wake.

"Ile ya kwanza mmeinywa?"
Wenzake wakacheka mpaka wauza makaa wakasikia.
Nikasema: hapana, mama. Nimekosea mimi.
Sikuandika jina lako mbele yako.

Akamwachia jirani kopo,
akajifuta magamba kwenye kitenge,
tukashuka ngazi za matope, yeye mbele.
Katikati akasimama, bila kunigeukia:
"Ndiye mimi napasuliwa kesho. Ulijua?"
Sikujua.
Mvua ikajibu kwa niaba yangu.

Mkono mwingine, safari hii.
Mpira. Kidole. Spiriti. Subira.
"Taja jina lako, mama."
"Si umeliita soko zima?"
"Taja tu."
Akalitaja lote, na la baba yake, na kijiji,
na mwaka wa kuzaliwa akaukadiria kwa mvua
iliyobomoa daraja la kwao.

Niliandika nikiwa nimeishika tyubu, damu bado vuguvugu
kupitia glovu.
Hakujua kusoma, lakini aliifuata kalamu
kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho,
kama anavyofuata mizani ya mnunuzi.
Wino ulikuwa mbichi.
"Si upulize?" akasema.

Nikasubiri ukauke.