Mkaguzi wa Mizani

Kazi yangu ni mawe ya shaba ndani ya kisanduku:
kilo, nusu, robo,
hadi gramu tano, kajiwe ambako nikipiga chafya
nitakatafuta chini ya meza hadi jioni.
Napima mizani za watu, bucha, vinu, maduka ya mbolea,
kutoka Nakuru hadi Luanda,
na katikati ya mizani na mizani, nala.

Salgaa, malori yakipumua kwa foleni,
supu hufika kabla hujaketi,
na asiyetaka pilipili huulizwa anaumwa wapi.
Molo nilipewa mbavu za kondoo
na kisu kisichokata. Nikaelewa. Nikatumia meno.
Kericho, usicheke,
nilikunywa chai nyepesi kuliko zote duniani.
Majani yameuzunguka mji ule kama zulia,
lakini kikombeni mwangu yaliingia kwa woga,
yakachungulia, yakatoka.
Nikamuuliza kijana wa meza, akanijibu bila kuinua macho:
"Mazuri yalishapanda meli, mzee."
Nikalipa. Jibu lilikuwa na rangi kuliko chai.

Kisumu, nyuma ya soko la Jubilii,
Bi Adoyo hana karatasi ya vyakula.
Huja na ngege watatu kwenye sinia, wabichi,
macho yao bado yana habari za jana,
akakwambia: chagua wa kugombana naye.
Nilichagua wa kati, maana tulikuwa katikati ya mwezi.
Akaja amekaangwa, akazama kwenye nyanya,
na ugali umesimama wima kama shahidi asiyehongeka.
Nilimla hadi kichwa, hadi shavu lile dogo
ambalo wageni huwaachia paka.
Miiba nikaipanga ukingoni kama kitana.
Adoyo akaitazama sahani, akaguna:
"Angalau ulilelewa."
Tangu siku hiyo sijapata cheo kinachoizidi hiyo.

Luanda basi.
Bucha na Hoteli ya Trufena Ayuma:
meza nne, kalenda ya mwaka juzi,
sabuni imefungwa kamba isitoroke.
Tulikula kwanza, na hapo ndipo nilipokosea;
mkaguzi hupima, ndipo ale.
Nusu kilo ya kuchoma, saga iliyolala na maziwa usiku kucha.
Nyama ile haikwisha.
Tulitafuna, tukapumzika, tukatafuna,
Kipsongok dereva wangu akalegeza mshipi tundu mbili
akiangalia dirishani kama asiyehusika.

Kisha nikanawa, nikavaa kitambulisho, nikafungua kisanduku.
Jiwe la kilo juu ya sahani ya mizani.
Mshale ukapanda, ukasita,
ukasimama kwenye mia tisa.
Nikarudia.
Mia tisa.

"Mama, unajiibia mwenyewe."

Hakushtuka. Alikuwa anapangusa gogo la kukatia,
akaendelea kulipangusa mahali palipokuwa pakavu.
"Marehemu aliilegeza mwaka ule wa njaa.
Alisema ataikaza mvua ikinyesha."
"Na mvua ilinyesha?"
"Mara nyingi."

Sheria haina kisanduku cha mambo kama haya.
Mizani yenye kasoro ni mizani yenye kasoro,
hata kama inakosea ikitabasamu.
Nikatoa fomu, nikaandika polepole,
kalamu ikagoma, nikaitikisa, Kipsongok akakohoa nje.
Irekebishwe ndani ya siku thelathini.
Muhuri. Sahihi. Nakala ya kwake, nakala ya serikali.

Halafu, nimesimama mlangoni na kisanduku changu,
nikasikia mdomo wangu ukisema:
"Nifungie kilo moja ya kubeba."
Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kutazama mteja.
Akakata. Akapima. Akafunga kwa gazeti.

Nakuru tulifika saa tano usiku,
mfuko umelowa, gari lote linanuka Luanda.
Mawe yangu yalikuwa pale pale, mguuni.
Sikuipima.