Betri ya Saa

Saa nane na robo usiku Ilgonis ananipigia:
"Matangi yamenyamaza. Skrini nzima ni vistari,
sijui kama maziwa bado baridi au yameanza kuchacha."
Lita elfu arobaini. Kati yangu na Daugavpils
kilomita tisini za barafu, na gari langu
lina ugomvi wake na baridi.

Seva ziko tatu kule, katika chumba kilichokuwa cha jibini.
Marehemu Vilhelms alizipa majina ya ng'ombe wa mamake:
Brūnaļa, Zīmaļa, Raibaļa.
Tumboni mwa kila moja mashine pepe sita, saba,
ndama wasio na kwato:
huyu anahesabu mishahara, yule anapima joto la matangi,
na yupo mmoja ambaye hakuna ajuaye kazi yake
ila tunaogopa kumzima.

Nafungua kompyuta mpakato mpya ya ofisi,
nyembamba kama kipande cha mkate mweusi.
Inasema: cheti cha Raibaļa kimekwisha muda wake.
Nabembeleza. Inasema: siwezi kuiamini seva hii.
Natafuta pa kubofya niendelee. Hapabofyeki.
Imelelewa vizuri mno,
haisemi na wasiojulikana, hata nyumba ikiungua.

Basi nashuka na soksi, tochi ya simu mkononi,
hadi chini ya ngazi, penye viazi na viatu vya theluji
na lile sanduku la chuma lenye mfumo
ambao waliouunda walikwisha kuuanulia matanga:
hakuna viraka tena, hakuna masasisho, mjitegemee.
Wasemao ya kale ni dhahabu
hawajaisikia feni yake.
Inakohoa vumbi, inakoroma,
inakumbuka.

Pembeni, chini kabisa, saa inasomeka:
tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.
Betri ya ubao ilikufa zamani,
kidonge cha fedha kisichozidi bei ya kahawa.
Kila nikiiwasha inaamkia siku hiyohiyo
bila aibu, kama abiria aliyesinzia akapitishwa kituo
na bado anauliza: tumefika?

Na kwa kuwa ni elfu mbili na tisa
cheti cha Raibaļa bado kibichi,
kina miaka tisa mbele yake.
Nenosiri liko kwenye karatasi ya njano, mwandiko wa Vilhelms,
herufi zimelala upande kama nyasi.
Mlango unafunguka.

Orodha inashuka polepole. Mashine ya matangi imeganda.
Naizima. Nahesabu thelathini kwa sauti,
kama alivyonifundisha, bila kuruka.
Naiwasha.
Kwenye simu nasikia pumzi za Ilgonis, mngurumo wa pampu.
"Tatu nukta nane," anasema. "Tatu nukta tisa. Imerudi."
Anacheka kicheko cha mtu
aliyekwisha kuanza kutunga barua ya kujieleza.

Ningeweza kuzima nikalale.
Nakaa kwenye gunia la viazi mbele ya mwaka ule
ambamo Vilhelms angali anavuta sigara mlangoni pa ghala
na mama yangu Leontīne yuko jikoni huko juu,
anakwangua ukoko wa uji, ananiita mara ya tatu.
Sikumbuki kama ilikuwa siku hiyo hasa.
Nakumbuka nilisema: nakuja,
nasakinisha kitu.

Ofisi wameandika mara mbili:
mashine hiyo ni hatari, itolewe mtandaoni kabla ya Pasaka.
Wana haki. Kila mwizi duniani anaujua ufunguo wake.
Na betri mpya ninayo, kwenye droo ya uzi na vifungo,
tangu mwaka juzi, haijatoka kwenye plastiki yake.

"Lakini umefanyaje?" Ilgonis bado yuko hewani.
"Nimerudi nyuma kidogo," nasema.
Yeye ni mtu wa maziwa; haulizi zaidi.

Nachagua viazi vinne vya asubuhi,
navipandisha kwenye pindo la gauni.
Feni naiacha inakohoa.