Shilingi Ishirini kwa Wiki

Kitabu hakina jalada. Lilibanduka
mwaka ule mafuriko yalipoingia Nyalenda hadi vitandani,
nikakivika karatasi ya kaki, nikaandika kwa kalamu nzito:
MNYONYA DAMU. ISHIRINI KWA WIKI.
Anayechelewesha anaongeza kumi.

Kibuye, baada ya wauza sufuria, kabla ya fundi wa redio,
hapo ndipo nilipo. Wanaazima, wanarudisha,
na kila anayerudisha ana neno lake,
nami nina daftari.

Nereah, kidato cha tatu, alikileta siku ya pili
macho mekundu kama aliyekata vitunguu vya harusi nzima.
Alisomea ndani ya neti, tochi kaing'ata kwa meno.
"Mama, kweli kuna mtu anaweza kukutazama hivyo,
kama vile wewe ndiye saa na yeye amechelewa?"
Nikamwambia sijui. Nikapokea ishirini yangu.

Kwamboka alikirusha mezani.
"Zee la miaka mia mbili na arobaini
linasimama dirishani kwa mtoto wa shule,
linamtazama akilala, na nyinyi mnalia?
Kwetu Nyamira huyo hupigiwa mayowe."

Nesi wa benki ya damu aliishia sura ya nne.
"Hakuna aliyepima. Kundi gani? Ina malaria?
Mimi naomba painti moja tu, watu wanaruka ua.
Huyu ana meno tu, na wasichana wanapanga foleni."

Baba Nafula, mwenye miwa huko Mumias, hakusoma, alisimuliwa.
Akauliza: "Mahari ataleta nini?
Ng'ombe si atakuwa keshawamaliza njiani?"

Odipo wa bodaboda alisema hicho ni cha wasichana.
Akakaa nacho wiki tano.
Faini alilipa bila kunung'unika.

Na mke wa pasta alikishika kwa ncha za vidole,
kimefungwa gazetini: kina pepo, nikichome.
Ila uzi wa sufi, rangi ya sweta anayoifuma,
ulikuwa umelala ukurasa wa mia mbili na kumi,
na kitabu kina kurasa mia mbili na kumi na nane.

Jumamosi moja wakakutana hapa, Nereah na Kwamboka.
"Anajizuia! Huoni anavyoteseka kwa kujizuia?"
"Yaani siku hizi mwanamume akikosa kukuua, hiyo ni posa?"
Fundi akapunguza sauti ya redio ya mteja.
Jua likazama, mbu wakatoka mtaroni,
wakawa wanabishana huku wanajipiga makofi
shingoni, kwenye ndama za miguu,
kila kiganja na tone lake jekundu.

Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nilikuwa na kumi na saba, Ahero,
kidato cha pili ambacho hakikuisha.
Wangu hakuwa na meno marefu. Alikuwa na kivuli.
Alikula samaki hadi kichwa, alitembea juani,
na ng'ombe aliwaleta wote saba, wazima.
Hodi hakubisha.
Mayowe hakuna aliyepiga.

Ukurasa wa tisini na moja mvua inanyesha.
Mlango uko wazi. Yeye, anayeweza kung'oa ukuta,
amesimama kizingitini, analowa,
sheria ya ukoo wao haimruhusu kuvuka.
Anasema: "Naweza kuingia?"
Na msichana anakawia kujibu.
Mistari mitatu mizima anakawia,
na yule bwana bado yuko nje, maji yanamtiririka puani.

Kona ya ukurasa huo nimeikunja mimi.
Wanaikunjua. Kikirudi naikunja tena.

Jana Kwamboka alipita, hakunitazama usoni.
Akauliza kama kipo, kuna mahali anataka kuhakikisha.
Ukurasa gani? Akasema hakumbuki.
Nikafungua daftari, nikamwonyesha kwa kidole:
kiko kwa Odipo.
Tena.