Kilichouma Kimezaa Uma

Pingili ya nne na ya tano kutoka chini,
daktari wa Warka alinionyesha kwa ncha ya kalamu:
"Hapa, bwana Zdzisław, na hapa."
Kisha akauliza nimebeba nini maisha yangu yote.
Nikamjibu, matufaha.
Akacheka. Watu hudhani tufaha ni kitu chepesi.

Bogumiła hakucheka.
Usiku ule alichora nyuma ya bili ya umeme
mistari miwili imesimama, miwili imelala,
akaisukuma karatasi upande wangu wa meza:
"Mashine ya dukani ni bei ya shamba la jirani.
Hii ni bei ya chuma chakavu na kichwa changu kigumu."

Basi tukaanza kuokoteza.
Milingoti: mihimili ya kiwanda cha maziwa kilichofungwa,
bado ina rangi ya samli iliyobabuka.
Mnyororo: wa kombaini ya marehemu Ksawery, kaka yake,
aliyemfundisha kuchomelea akiwa na miaka kumi na minne
na kumwonya asilitazame jua analolitengeneza.
Silinda: ya tela la kumwaga mchanga,
tuliibadilisha kwa magunia sita ya viazi
na ahadi moja ambayo hadi leo sijaambiwa.
Meno ya uma hakutaka kuyabahatisha. Aliyanunua,
jozi iliyotumika, kwa pesa tuliyoiweka
kwa ajili ya meno yangu ya juu.
"Meno ni meno," alisema.

Mimi kazi yangu ilikuwa taa.
Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkanda umenibana kiuno,
namulika anaposema hapa, nafumba macho anaposema sasa.
Cheche zilitawanyika sakafuni kama mtama uliomwagika.
Nikageukia ukuta: kivuli cha mke wangu
kikiinama, kikiinuka, kirefu kuliko ghala.
Miaka thelathini na mmoja nilimwambia, acha, nitabeba mimi.
Sikujua nilikuwa namnyima nini.

Ujanja uko kwenye mnyororo, alinifafanulia
kama anayefundisha mtoto kufunga kamba za viatu:
ncha moja imefungwa kwenye fremu, haiendi popote;
mnyororo unapita juu ya roda, unashuka hadi kwenye uma.
Silinda ikipanda mita moja, uma hupanda mbili.
"Ni kwa sababu upande mmoja umetulia," akasema,
akageuka haraka kutafuta spana.
Kauli ile nikabaki nayo kwenye ndoo yangu.

Jumamosi, kreti ya Antonówka, kilo mia tatu.
Akavuta wenzo. Uma haukupanda.
Ilipanda pua ya trekta,
magurudumu ya mbele yakaning'inia
kama miguu ya mbuzi anayelifikia jani.
Jirani Wieńczysław, aliyekuja kuchungulia,
alishika ua kwa mikono miwili.
Bogumiła akashusha taratibu, akazima injini,
akatamka neno ambalo padri hajawahi kulisikia kwake.

Uzani. Pua ilitaka uzani.
Na hapo nikakumbuka, mimi mshika taa:
mawe ya mizani ya kituo cha ununuzi,
yale ya chuma, ya kilo ishirini ishirini,
niliyoyanunua mnadani kituo kilipokufa,
sijui kwa nini, kwa hasira tu.
Miaka nenda miaka rudi yalitupunja tukiyatazama:
tani ikiingia, zikiandikwa kilo mia tisa.
Tuliyafunga kumi na mawili mbele ya rejeta, kwa boliti nene.
Bogumiła akalizaba moja kofi, kama mtoto mtundu:
"Leo mtasema kweli."

Kreti ikapanda. Haikupanda kwa fahari;
ilikwaruza, ikatetemeka, ikasita kidogo katikati,
ikafika juu ya mwenzake, ikakaa.
Kwenye kiungo cha pili cha bomba tone la mafuta likavimba.
Nikachukua kitambaa, nikaenda kulifuta.
Likaja lingine.
Nikabaki pale na kitambaa changu,
nina kazi.