Vishona-nguo

Saa mbili kasoro nimeshafunga tai,
viatu nimevipiga rangi, mkoba begani,
ndani yake chupa ya chai na gazeti la juzi.
Kemunto ananiweka kola sawa mlangoni.
"Kazi njema," asema. Nageuka haraka
uso usije ukanisaliti.

Wiki ya saba hii tangu ofisi initoe
kwa barua ya mistari minne.
Miguu haijaambiwa. Inanifikisha
lango la Karura, ambako Ndolo mlinzi
siku hizi ananiita mkaguzi,
nami sijamkosoa.

Njia naijua. Hapa nilimfundisha mwanangu baiskeli,
pale, nguzo nambari kumi na nne, akachubuka goti.
Naujua mteremko wa mtoni, daraja
lenye ubao mmoja unaolia.
Naukanyaga makusudi.
Angalau kuna kitu kinachoitika.

Na bado. Leo mkaratusi mkubwa umelala,
mvua ya usiku imeung'oa, mizizi juu,
udongo mwekundu ungali unadondoka,
na pale uliposimama pana tundu la mbingu
ambalo sikuwahi kuliona.
Mwanga umemwagika hadi chini
juu ya miche ya muhuhu, kimo cha kidole,
niliyoipita miaka yote nikidhani ni magugu.
Sijui ilikuwa ikila nini humo gizani.

Mbega akaja, akalitazama pengo,
akalipima kwa macho, akaghairi,
akazunguka kwingine, mkia mweupe nyuma
kama shela ya bibi harusi aliyechelewa.
Nikacheka. Peke yangu, tai shingoni, nikacheka
hadi mkimbiaji mmoja akachomoa visikizi
akaniuliza kama niko salama.
Niko salama, nikamjibu,
na neno likanikaa mdomoni, geni, tamu.

Mvumo wa Barabara ya Kiambu ulikuwepo bado.
Karo ipo. Deni la dukani lipo.
Nikaketi juu ya gogo nikanywa chai,
sisimizi wakapanga foleni kwenye kifuniko
bila kuajiriwa na mtu.

Jioni Kemunto ananiambia, simama hapo.
Anapiga magoti mbele ya suruali ya ofisini,
anachomoa kishona-nguo kimoja, kingine,
anavipanga ukingoni mwa meza,
kumi na moja, kumi na viwili.
Haulizi ni ofisi gani inayoota haya.
"Kesho vaa raba," asema, bila kuinua macho.
"Viatu hivi bado utavihitaji."