Kuanzia Mstari wa Tatu

Viljandi, Februari, theluji imefika dirishani.
Ülle afungua faili la kuni za jengo:
majina kumi na sita, kila mtu na deni lake,
shaghalabaghala, kama walivyohamia.

Ateua yote, abonyeza Panga.
Kufumba na kufumbua herufi zimeshika foleni.
Aarne kapaa juu kabisa,
yeye katupwa mkiani, na Ü yake,
na kati yao majirani kumi na wanne,
wengine hata salamu hawajibu.

Miaka arobaini, mto mmoja wa kulalia!

Atengua.
Wawili warudi bega kwa bega.
Sasa aanzia mstari wa tatu,
avuta kielekezi taratibu hadi chini.
“Haya, nyie ndio mpangwe.”

Chumbani Aarne akoroma,
hajui alivyoponea.